Riwaya Yangu Imekwama Katika Sura ya Tano: Je, Msukumo Umekwisha?

"Ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi. Mhusika mkuu ni mkaguzi wa hesabu anayetumwa kukagua vitabu vya kampuni ndogo ya uchapaji, akampenda mwenye kampuni. Mwanamume huyo nimemchora kutokana na mtu niliyempenda kweli miaka tisa iliyopita, kabla sijaolewa. Kurasa 62 za mwanzo nilizimaliza ndani ya wiki tatu, usiku, kama ninayeandikiwa. Katika sura ya pili mkaguzi anakuta malipo yasiyo na stakabadhi, lakini niliona jambo hilo lingeharibu mapenzi yao, nikamfanya mwenye kampuni alieleze kwa sentensi mbili, likaisha. Katika sura ya nne wanakiri kwamba wanapendana. Tangu hapo imepita miezi saba na sura ya tano haiandikiki. Nikijaribu kuandika kutengana kwao, kama tulivyotengana sisi, ninalia, na usiku sipati usingizi. Mume wangu ni mtu mwema na ninampenda. Ninaogopa siku atakapoisoma. Je, msukumo umekwisha? Waandishi wa riwaya hizi huutoa wapi? Ni lazima mtu awe katika penzi ndipo aandike mapenzi? Nipange kila sura kwanza, au niiache hadithi ijiendee? Nimefikiria kuiacha."

Dada yangu, umeuliza maswali kadhaa, lakini nikiyaweka pamoja naona hofu moja: kwamba kilichokuandikisha kurasa 62 kilikujia kutoka mahali usipopajua, kikaondoka chenyewe, na wewe huna namna ya kukiita tena. Mimi ni mhariri wa riwaya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na miswada iliyokwama, mingi ikiwa ya mapenzi. Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na siamini kwamba msukumo umekwisha. Ninaamini umefika mahali ambapo kumbukumbu imemaliza kazi yake na ubunifu haujaanza ya kwake, na kwamba kile kinachoweza kuianzisha sura ya tano umekwisha kukiandika kwa mkono wako katika sura ya pili, kisha ukakizima.

Tuanze na jinsi kurasa zile 62 zilivyopatikana. Unasema ulikuwa kama unayeandikiwa; mimi naona ulikuwa unakumbuka. Mtu aliyependa kweli hubaki na akiba ya vipande: namna mwenzake alivyosita kabla ya kulitaja jina lake, mikono yake ilivyokuwa baada ya kazi, ukimya uliofuata swali fulani. Vipande hivyo hutoka vikiwa vimekwisha kubeba hisia, na ndiyo maana kalamu ilikimbia. Lakini kumbukumbu ya mapenzi ina upungufu mmoja mkubwa kwa mwandishi: huhifadhi nyakati, haihifadhi sababu. Katika maisha mambo hufuatana tu. Tulikutana, tukapendana, akahama, nikaumia. Aliyeyaishi hayaoni mapengo yaliyopo kati ya jambo na jambo kwa sababu hisia zake mwenyewe zimeyaziba. Msomaji hana hisia hizo za kuzibia, kwa hiyo anahitaji tukio moja lizae la pili na la pili lilazimishe la tatu. Nyakati ulizokuwa nazo zilitosha sura nne. Sura ya tano inadai sababu, na sababu ya kutengana kwa watu hawa wawili huwezi kuikumbuka, kwa kuwa haikuwahi kutokea. Inabidi uibuni.

Jambo hili limewapata waandishi wakubwa, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Charlotte Brontë. Mwaka 1842 alikwenda Brussels kusoma katika shule ya wasichana iliyoendeshwa na mume na mke wa jina la Heger, akarudi tena mwaka uliofuata kama mwalimu, na huko moyo wake ukamwelekea Constantin Heger, mwenye mke. Alirejea kwao Uingereza mwanzoni mwa 1844 akawa anamwandikia barua ambazo majibu yake yalizidi kupungua. Barua nne kati ya hizo zipo hadi leo. Maumivu hayo yakiwa bado mabichi aliandika riwaya yake ya kwanza kwa ajili ya uchapishaji, The Professor, iliyowekwa Brussels na kusimuliwa na mwalimu mwanamume. Mchapishaji mmoja baada ya mwingine aliikataa, na haikutoka hadi 1857, miaka miwili baada ya kifo chake. Kabla ya hapo, mwaka 1853, alikuwa amechapisha riwaya nyingine, Villette, ambamo alirudi kwenye shule ileile na maumivu yaleyale, ila sasa msimulizi ni mwanamke, mji umepewa jina la kubuni, na mwalimu anayependwa amepewa hasira zake, dini yake na majukumu yake mwenyewe. Karibu miaka kumi ilipita kati ya kuishi jambo na kulipata umbo lake. Ninakuelezea haya ili uone kwamba kuchota katika maisha yako si kosa na si udhaifu. Kazi iliyobaki ni kuyaondoa mambo hayo mikononi mwa kumbukumbu na kuyakabidhi kwa wahusika.

Kuhusu kuwa katika penzi ili uandike penzi, jibu langu ni hapana, na ninalitoa bila kusita. Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa riwaya za mapenzi, hakuolewa. Desemba 1802 alikubali posa ya Harris Bigg-Wither, na asubuhi iliyofuata akaikataa. Kinachohitajika kwa mwandishi wa mapenzi ni kujua mambo mawili kwa undani: mtu anavyotaka kitu, na anavyoogopa kukipoteza. Kila mtu mzima ameyajua hayo, hata kama aliyajulia katika kazi, katika ugonjwa wa mzazi, au katika urafiki uliovunjika. Niongeze jambo ambalo waandishi wengi wanaoanza hawalithamini: mapenzi yaliyotulia, kama yako na mumeo, yanakufundisha kile ambacho penzi la miaka tisa iliyopita halikupata nafasi ya kukufundisha, yaani namna watu wawili wanavyosameheana katika siku ya kawaida ambayo haina tukio lolote. Riwaya inayojua mshtuko wa kupenda peke yake huishiwa pumzi katikati. Wewe una vyote viwili.

Unauliza wenzako huutoa wapi msukumo. Huutoa katika mambo madogo kuliko unavyodhani, na mara nyingi huutoa kwa makusudi. Sentensi iliyosikika watu wawili wakizozana kwa sauti ya chini, kazi yenye kanuni zisizojulikana na wengi, barua iliyochelewa kufika, swali la aina ya "ingekuwaje kama". Katika uzoefu wangu, kitu kimoja peke yake hakizai riwaya. Hubaki kuwa picha nzuri kwenye daftari. Riwaya huanza pale vitu viwili visivyopatana vinapogongana. Mkaguzi anayempenda mtu ni picha. Mkaguzi anayempenda mtu ambaye vitabu vyake vina malipo yasiyo na stakabadhi ni riwaya, na uliipata mwenyewe bila kumwuliza yeyote. Nakushauri uwe na daftari la kuandikia vipande vya namna hii, lakini usilitazamie likuletee msukumo kwa kulifungua tu. Kazi yako ni kuchukua kipande kimoja na kukisugua na kingine mpaka kitoe cheche.

Na hiyo hali ya kungoja msukumo ufike ndipo ukae mezani, iache. Anthony Trollope, aliyeandika riwaya kadhaa wa kadhaa huku akiwa mtumishi wa posta, alieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka 1883, kwamba alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Sikuagizi ufanye hivyo, na waandishi wengi wangeumia kwa kasi ile. Barbara Cartland, aliyetoa mamia ya riwaya za mapenzi, alizisema kwa mdomo huku katibu wake akiandika. Njia zinatofautiana, ila wote wawili walikuwa na saa ya kazi iliyokuja iwe moyo umeamka au haujaamka. Kwa mtu mwenye kazi na nyumba, nusu saa ileile mara nne kwa wiki inatosha kabisa kuifikisha rasimu mwisho.

Sasa nifike kwenye kiini. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, kwa kuwa aina hii ya uandishi ina ahadi: mapenzi ndiyo yatakuwa katikati ya hadithi, na mwisho utamwacha msomaji na matumaini. Watu wasioipenda huiona ahadi hiyo kuwa udhaifu, wakiuliza taharuki itatoka wapi ikiwa mwisho unajulikana. Taharuki inatoka katika swali jingine. Badala ya kuuliza kama watapatana, msomaji anauliza itawagharimu nini, na nani atalazimika kubadilika ili wapatane. Swali hilo likikosekana, kukiri mapenzi ni mwisho wa hadithi, hata kama umebakiza kurasa 200 za kuandika. Hilo ndilo lililokupata. Riwaya nyingi za aina hii huwa na maneno kati ya 50,000 na 90,000. Kurasa zako 62, kwa makadirio ya maneno 300 kila ukurasa, hazifiki 19,000. Wahusika wako wamekwisha kusema wanapendana, hakuna kinachowazuia, na wewe unakaa mezani kila wiki ukijaribu kuandika hadithi ambayo imeisha.

Mapenzi yenyewe hayahitaji kupunguzwa. Wanaweza kukiri katika sura ya nne, hata katika sura ya kwanza, ilimradi kukiri huko kuyafanye mambo kuwa magumu zaidi ya yalivyokuwa. Hapo ndipo kikwazo kinapoingia, na kuna kosa moja kuhusu kikwazo ninalolikuta karibu katika kila mswada wa kwanza. Mwandishi humleta mtu wa tatu mwenye wivu, au ujumbe uliosomwa vibaya, au safari ya ghafla. Ukitaka kujua kama kikwazo chako kina nguvu, jiulize: wawili hawa wakikaa jioni moja wakaambiana ukweli wote, tatizo litakwisha? Likikwisha, ulichonacho ni kutoelewana, na kutoelewana kunaweza kubeba sura moja, pengine mbili, hakuwezi kubeba kitabu. Umbali na upinzani wa jamaa vinadumu zaidi, lakini navyo hubaki nje ya wahusika mpaka vikutane na kitu kilichomo ndani yao. Kikwazo kinachobeba riwaya nzima ni kile ambacho kinazidi kuwa kizito baada ya ukweli kusemwa.

Tazama basi ulichokitupa. Mkaguzi amekuta malipo yasiyo na stakabadhi. Kazi yake inamtaka awe huru na yule anayemkagua. Maadili ya taaluma hiyo yanamdai mkaguzi mwenye uhusiano wa karibu na mwenye hesabu autangaze uhusiano huo na kujitoa katika kazi. Akitangaza, faili litakwenda kwa mwenzake ambaye hana sababu ya kumwonea huruma mwenye kampuni. Akinyamaza, amekiuka kitu ambacho, nadhani, ndicho anachojivunia kuliko vyote, yaani kwamba jicho lake halinunuliki. Akimwuliza mpenzi wake ukweli, anamlazimisha ama amdanganye ama amfanye mshirika wa siri. Hakuna mlango usio na gharama, na kila mlango atakaouchagua unafungua sura. Kumbuka pia kwamba kukiri kwao kwa sura ya nne, ambako sasa kunaifunga hadithi, kungekuwa ndiko kunakomtumbukiza shimoni, kwa sababu kabla ya kukiri alikuwa anashuku tu moyo wake, na baada ya kukiri ana jambo la kutangaza ofisini.

Kilichobaki ni kujua fedha zilikwenda wapi, na hapo sitakuchagulia, ila nitakuonyesha ninavyofikiri. Zikiwa ziliibwa kwa tamaa, msomaji atamtaka mkaguzi akimbie, na riwaya ya mapenzi itakuwa imekufa. Zikiwa ni kosa la karani, tumerudi kwenye kutoelewana. Palipo na rutuba ni pale katikati: kwa mfano, mwenye kampuni alimlipia ndugu yake deni la aibu kwa fedha za kampuni, pasipo kumwambia mbia wake, akiamini angezirudisha kabla ya mwaka kwisha. Mtu huyo amekosea kweli, na amekosea kwa kupenda. Sasa mpe kila mmoja imani moja aliyoishi nayo muda mrefu, ambayo mapenzi haya yanaihatarisha. Mwanamume anaamini kwamba atakayeijua aibu ya nyumba yao ataondoka. Mwanamke anaamini kwamba aliwahi kufumba jicho kwa ajili ya mtu, akajuta, na hatafumba tena. Ukiwaweka chumba kimoja watu wenye imani hizo, hutahitaji kusubiri msukumo ujue watakachosema.

Katika kazi hii mabadiliko makubwa hutokea wakati wa kuandika upya, na ningependa uone jinsi mwandishi mwenyewe anavyoweza kuligundua kosa lake. Jane Austen alimaliza Persuasion tarehe 18 Julai 1816. Ni hadithi ya mwanamke aliyevunja uchumba wake miaka minane nyuma na sasa anakutana tena na yule aliyemwacha. Katika mwisho wa kwanza, mwanamume, Kapteni Wentworth, anatumwa amwulize kama uvumi wa kuolewa kwake na binamu yake ni wa kweli. Mwanamke anakanusha, wanatazamana, mambo yanakwisha. Austen hakuridhika, na kufikia tarehe 6 Agosti, ndani ya wiki tatu kama zile zako, alikuwa ameandika mwisho mpya. Humo mwanamke huyo, Anne Elliot, anazungumza na rafiki wa Wentworth kuhusu nani hudumu kupenda, mwanamume au mwanamke, wakati Wentworth amekaa karibu akiandika barua. Wentworth anayasikia maneno ya Anne, na palepale anachukua karatasi kumwandikia yeye. Kurasa zilizokataliwa bado zipo kwa mwandiko wa Austen mwenyewe, na ukizilinganisha na zilizochapishwa unaona alichokuwa anakitafuta. Katika mwisho wa kwanza, tukio linawaangukia. Katika wa pili, mwanamke anasema neno linaloonyesha moyo wake baada ya miaka minane ya kunyamaza, na neno hilo ndilo linalomwinua mwanamume. Hata hisia ileile, ikitokana na kitendo cha mhusika, humfikia msomaji kwa uzito tofauti kabisa.

Hapa ndipo ninapokujibu kuhusu kupanga. Wapo wanaopanga kila sura, wapo wanaoandika bila ramani, na pande zote mbili zina kazi nzuri. Anayepanga hupoteza muda mchache kwenye njia zisizo na mwisho, lakini anaweza kuwageuza wahusika kuwa watumishi wa mpango, wakitenda jambo kwa sababu tu ramani inasema sura ya nane ndiyo ya ugomvi. Asiyepanga hupata mambo ambayo hakuna mpango ungeyatabiri, kwa gharama ya kutupa kurasa nyingi. Kwa hali yako ningechagua njia ya katikati: usipange sura, panga maamuzi. Andika maamuzi matano au sita ambayo mkaguzi hataweza kuyarudisha nyuma, na chini ya kila moja sababu yake na kile anachokipoteza kwa kuufanya uamuzi huo. Yaliyo kati ya uamuzi na uamuzi yaache wazi. Ukigundua katikati ya safari kwamba uamuzi wa nne haumfai tena mtu aliyefanya uamuzi wa tatu, badilisha wa nne. Hiyo ndiyo ishara njema kuliko zote, kwamba mhusika ameanza kuishi.

Niruhusu nigusie jambo la lugha, kwa kuwa waandishi wa mapenzi kwa Kiswahili hulikuta mapema na wachache hulizungumza. Vitenzi vyetu havitofautishi mwanamume na mwanamke. Ukiandika "alimtazama, akamshika mkono, akamwambia hataondoka", msomaji hajui nani alimshika nani, na katika onyesho la watu wawili tatizo hili hujirudia kila sentensi. Waandishi wengi hulitibu kwa kutaja majina mfululizo, na onyesho linageuka kumbukumbu za kikao. Tiba nzuri zaidi ni kumpa kila mmoja kitendo chake ambacho mwenzake hawezi kukifanya: mmoja ndiye mwenye kalamu, mmoja ndiye aliyesimama mlangoni, mmoja ana wino vidoleni. Kitu hicho kitamtambulisha bila jina. Tena lugha yetu inakupa zawadi katika miito. Mkaguzi anayemwita mwenye kampuni "Bwana mkurugenzi" kwa sura tatu, kisha siku moja akalitaja jina lake tupu, amekiri mapenzi kabla ya neno mapenzi kutamkwa. Na akirudi kumwita "Bwana mkurugenzi" katika sura ya kutengana, hutahitaji machozi mengi kwenye ukurasa huo.

Machozi yako wewe ni suala jingine, na sitalipita haraka. Kulia unapoandika kisa kinachokugusa ni jambo la kawaida na peke yake halinitishi. Kukosa usingizi kila unapoikaribia sura hiyo kunaniambia kwamba kutengana kule bado hujakumaliza, na kwamba umejipa kazi mbili kwa kalamu moja: kuomboleza na kubuni. Zitenganishe. Liandike lile la kweli mahali pengine, kwa nafsi ya kwanza, bila umbo, kwa ajili ya macho yako peke yako, na ukimaliza ulifungie. Katika riwaya, kutengana kwa mkaguzi kuwe na sababu ambayo wewe hukuwahi kuwa nayo, na utaona mkono unakuwa mwepesi kwa kuwa yaliyo mezani ni maumivu yake. Lakini usingizi ukiendelea kukupotea kwa wiki mbili au zaidi hata siku usizoandika, au huzuni hiyo ikianza kuingia katika kazi na nyumba yako, tafadhali nenda ukaonane ana kwa ana na mshauri nasaha au daktari. Mhariri hawezi kuyatibu hayo, na riwaya itakungoja.

Kuhusu mumeo, najua waandishi waliochagua kunyamaza na wengine waliosema mapema, na siwezi kudai kwamba njia moja inafaa kila ndoa. Kwa jinsi ulivyomweleza, mimi ningesema kabla hajasoma. Mwambie kwamba kitabu kilianzia kwenye jambo la zamani, kwamba limekwisha kubadilika likawa jambo jingine, na mwachie achague kama anataka kukisoma kikiwa rasimu au kikiwa kamili. Kinachoumiza mara nyingi si kwamba mwandishi aliwahi kupenda, ni mwenzake kuligundua hilo katikati ya ukurasa akiwa peke yake. Tena, rasimu ikizidi kukua utakuwa unasema kweli tupu: mwenye kampuni hatakuwa tena yule mtu wa miaka tisa iliyopita.

Hilo la mwisho, hata hivyo, ni lazima ulihakikishe, na si kwa ajili ya nyumba yako tu. Umemchora mtu halisi, na mimi nimetoka kukushauri umpe fedha zisizo na stakabadhi. Kama watu wanaomfahamu wanaweza kumtambua, utakuwa umemhusisha mtu aliye hai na kosa ambalo hakulifanya, na kubadilisha jina hakutoshi kukukinga na madai ya kashfa. Badilisha kazi yake, umbile, namna ya kuzungumza, jamaa zake, na hasa lile tukio moja la pekee ambalo wote waliokujueni wakati ule wangelikumbuka. Jina la kubuni la mwandishi linakupa faragha, ila halimlindi yeye. Ikiwa baada ya mabadiliko hayo bado una wasiwasi, mpe wakili asome kabla hujapeleka mswada kwa mchapishaji. Mabadiliko haya yana faida ya kisanaa pia, kwa sababu kila unachokiondoa kwa yule mtu kinaacha nafasi tupu ambayo mhusika mwenyewe ataijaza.

Usiiache riwaya, na usizifute kurasa 62. Nyingi zitabaki, kwa kuwa vipande ulivyovikumbuka vina uhai ambao haubuniki kirahisi. Vitahitaji tu kupangwa upya kuizunguka sababu. Usimwoneshe mtu yeyote rasimu mpaka ufike mwisho wake, hata ukiwa mwisho mbaya, kisha mtafute msomaji mmoja anayezipenda riwaya za aina hii kwa dhati na umwulize swali moja tu: ni ukurasa gani ulipotamani kuiweka chini? Majibu yake yatakupa zaidi ya sifa. Baada ya hapo ndipo mhariri anafaa kuonana nawe, mkiwa na mswada mzima mezani.

Kwa wiki hii sura ya tano iache ilivyo. Rudi sura ya pili, mahali mkaguzi anapoweka kidole kwenye mstari wa malipo na kuuliza stakabadhi iko wapi. Zifute zile sentensi mbili za maelezo, umwache mwenye kampuni akae kimya. Andika ukimya huo wote, andika anachokiona mkaguzi usoni pake, kisha andika anachokiweka kwenye daftari lake la kazi, au anachoamua kutokiweka.